Flit ni Nini kwa Kiswahili?

Mwezi wa nne nilipewa kazi ya kutafsiri hadithi ya watoto. Kurasa kumi na mbili, maneno kama mia tisa, shilingi mbili kwa neno. Mhusika mkuu ni chozi, yule ndege mdogo wa manyoya yanayometameta, mwenye mdomo kama sindano. Sentensi ya kwanza kwa Kiingereza ilikuwa na kitenzi kimoja tu: flit. Chozi anafanya hicho kitendo kutoka ua hadi ua. Basi. Mtoto wa London wa miaka sita anaisoma na kufungua ukurasa wa pili.

Mimi nilikaa hapo siku mbili.

Niko Kangari, nyumbani kwa mama, kwenye chumba kilichokuwa cha kuwekea mbolea. Dirisha linatazama majani chai, na baada ya majani chai kuna ukungu, na baada ya ukungu wanasema kuna Nyandarua. Mtu anayeandikia chumba kama hiki ana muda wa kugombana na neno moja.

Kwanza niliandika rukaruka. Kila mtu angeandika hivyo. Lakini rukaruka ina miguu. Mtoto anarukaruka akicheza kamba, chura anarukaruka, mbuzi aliyefunguliwa asubuhi anarukaruka. Kila mruko unaanzia chini na kurudi chini, na chozi hana shughuli na chini. Nikajaribu peperuka. Ni neno jepesi, tena zuri, lakini bendera hupeperuka, na karatasi ya plastiki iliyotupwa stejini hupeperuka. Kazi yote hapo inafanywa na upepo, na chozi anajua mwenyewe anakoenda. Papatika je? Hiyo ni shida ya mabawa. Kuku aliyeshikwa miguu siku ya Krismasi naye hupapatika. Na ruka peke yake, bila kurudiwa, inafaa mwewe na inafaa ndege ya kwenda Mombasa. Haina udogo.

Siku ya pili niliacha kutafuta neno la Kiswahili nikaanza kuchunguza lile la Kiingereza. Pengine tatizo halikuwa kwetu. Pengine sikuwa nimelielewa neno lenyewe.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya mwendo wa haraka, na kila kimoja kina mwili wake. Kuna cha panya akikimbilia shimoni, kuna cha mshale, kuna cha mtoto akirukia mguu mmoja. Flit ni cha kitu kisicho na uzito ambacho hakikai. Kipepeo. Popo wakati wa jioni. Kivuli ukutani. Kisha waandishi wakakichukua wakakipeleka ndani ya mtu: tabasamu linapita usoni kwa namna hiyo, wazo linapita kichwani, macho ya mgeni yanaenda mlangoni, dirishani, mlangoni tena. Ukiangalia vizuri, mambo matatu yanatembea pamoja hapo. Wepesi, ufupi wa muda, na kutotua. Ondoa moja na itabidi utafute kitenzi kingine.

Lakini kuna matumizi ambayo hayana sifa ndani yake. Mwambie Mwingereza kwamba fulani anafanya hivyo kutoka kazi moja hadi nyingine, au kutoka mpenzi mmoja hadi mwingine, na tayari umemtukana. Kipepeo akipewa kitenzi hiki anapendeza. Mtu mzima akipewa, anaonekana hana maana. Kitenzi ni kilekile. Tofauti ni kwamba mtu anatarajiwa kutua.

Edgar Allan Poe alilijua hili. Katika shairi lake la kunguru, la mwaka 1845, kitenzi hiki kinakuja karibu na mwisho, na kinakuja kwa kukanushwa: ndege amekaa juu ya sanamu na hasongi hata kidogo. Unaingiwa na hofu kwa sababu wepesi ambao ndege yeyote anapaswa kuwa nao umeondolewa. Kama Poe angetumia kitenzi cha kawaida cha kuondoka, tungeona ndege mkaidi tu.

Na kuna maana ya zamani zaidi, ambayo mimi sikuijua kabisa. Neno hili liliingia Kiingereza kutoka kwa Waskandinavia wa kale, na huko Norwe na Denmark ndugu yake bado anaishi, na maana yake ni kuhama nyumba. Uskoti na kaskazini mwa Uingereza watu bado wanalitumia hivyo. Mashariki ya kati mwa Uingereza pia lilitumika, na huko ndiko alikotoka John Clare, aliyezaliwa mwaka 1793 kijiji cha Helpston, mtoto wa kibarua wa shamba na kibarua yeye mwenyewe. Mwaka 1832 Clare alihama Helpston akaenda kijiji cha Northborough. Umbali wa maili tatu tu. Kutoka hapa kwetu, maili tatu ni mwendo wa kutafuta mahali penye netiweki nzuri. Lakini Clare aliandika shairi refu la huzuni kuhusu kuhama huko, na jina lake ni The Flitting.

Mimi nilisoma hicho kichwa mara kadhaa. Kwa sikio la leo, lililozoea vipepeo, kinasikika kama utani. Ndani yake kuna mtu aliyeng'olewa. Anatazama miti na ndege wa mahali papya na haoni kinachomjua, na kinachomtuliza kidogo ni gugu dogo ambalo alilizoea kwao. Clare hakuwa anacheza na maana mbili. Kwake neno lilikuwa la kawaida, la mkokoteni na magodoro. Sisi wa baadaye ndio tunaosikia wepesi, na wepesi huo unaumiza zaidi kwa sababu hauko mahali pake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1841, Clare alitoroka nyumba ya wagonjwa wa akili huko Essex akatembea hadi kwao kwa miguu, kilomita kama 130. Hapo hakuna wepesi wa aina yoyote.

Waingereza pia wana msemo wa kuhama kwa mbalamwezi, na kitenzi ni hikihiki. Ni mpangaji anayedaiwa kodi akifunga virago usiku ili mwenye nyumba akiamka akute mlango wazi.

Sasa hapo ndipo niliacha kusoma kwa muda, kwa sababu mimi nimeshafanya hivyo.

Ilikuwa Nyeri, mwaka wangu wa pili. Karo ilikuwa imenishinda, na kodi ya bedsita nilikuwa nimechelewa miezi miwili, elfu nne na mia tano kila mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee aliyezoea kutuletea mukimo Jumapili. Usiku mmoja wa Agosti nilibeba begi, laptopu na sufuria mbili. Godoro niliacha. Sikumuaga. Wenzangu waliposikia walisema, "Huyo alihepa," na wakacheka, na baadaye hilo ndilo likawa jina la jambo zima. Nilihepa nyumba, nilihepa chuo. Kiingereza kinamwita mtu kama mimi aliyedondoka. Sheng ilinionea huruma. Ilinipa kitenzi ambacho hakina maumivu.

Tuangalie hepa vizuri. Katika Kiswahili cha kamusi, mtu huhepa kitu: ngumi, jukumu, swali. Lazima kuwe na kinachokuja kukupata. Katika mazungumzo ya Kenya ya leo, kile kitu kimeanguka njiani. "Wacha nihepe, mvua inakuja." "Mbona unahepa na sherehe haijaanza?" Hapa hepa ni kuondoka tu, kwa haraka kidogo na bila sherehe. Tanzania wanasema kusepa, kwa hali hiyohiyo. Kwa hiyo tuna neno moja linalobeba kwenda nyumbani mapema na kutoroka deni, kama vile Kiingereza kina neno moja la kipepeo na mpangaji mkorofi. Ukiniuliza flit ni nini kwa Kiswahili cha mtaani, nitakujibu bila wasiwasi: ni hepa. Shida ni kwamba huwezi kumwambia mtoto wa darasa la kwanza kwamba chozi anahepa kutoka ua hadi ua. Atauliza anadaiwa na nani.

Na angekuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu sikio lake limefundishwa na vitenzi vingine. Orodhesha vile vinavyokuja haraka ulimini: chomoka, chopoka, churupuka, ponyoka, kurupuka, toroka. Vyote ni vya haraka, na vingi ni vyepesi hata kwa sauti. Lakini kila kimoja kina kitu nyuma yake. Unachomoka mahali ulipobanwa. Unachopoka mkononi mwa mtu. Unakurupuka kwa sababu umeshtuliwa. Kile cha Kiingereza kina huku na kule, ua hili na ua lile, na hakina mkono unaokushika. Sisemi Kiswahili hakina mwendo wa furaha, tiririka ipo, na paa ipo. Nasema kwamba wepesi wetu mwingi ni wepesi wa kuponea chupuchupu.

Tena Kiswahili kinaweza kufanya jambo ambalo kitenzi hicho cha Kiingereza cha leo hakiwezi. Hakuna anayeweza kufanyiwa flit. Kitenzi hicho hakina mtendwa, kila anayehama amehama mwenyewe. Sisi tuna hama, hamisha, hamishwa. Silabi moja inaongezeka na ghafla kuna mtu mwingine chumbani.

Shosho wangu hasemi kamwe kwamba walihama. Mwaka 1954 alikuwa na miaka 11. Katikati ya mwaka huo serikali ya kikoloni iliamua kwamba watu wa nchi ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi kila familia kwenye mgongo wake wa mlima wakusanywe vijijini, chini ya ulinzi, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula na habari. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa makwao katika muda wa mwaka na kitu. Nyumba zilibomolewa au kuchomwa. Vijiji vilikuwa na handaki, waya na mnara wa askari. Shosho husema tulihamishwa, na akisema kwa Kikuyu anatumia mtendwa hivyohivyo. Walienda umbali mdogo. Mdogo kuliko maili tatu za Clare. Ukimpa kitenzi cha kipepeo hapo, umemfutia askari kwenye picha.

Hata Ngũgĩ wa Thiong'o anaanza na mtu aliyetolewa. Katika Caitaani Mũtharaba-Inĩ, riwaya aliyoiandika gerezani Kamiti na kuchapishwa mwaka 1980, ambayo wengi wenu mnaijua kama Shetani Msalabani, Wariinga anafutwa kazi, anaachwa na mpenzi, halafu mwenye nyumba analeta vijana wanamtupia vitu vyake nje. Hapati hata nafasi ya kuhepa. Wakati mwingine kuhepa ni bahati.

Basi kama lugha ina vyombo hivi vyote, kwa nini mimi, niliyepata alama nzuri za Kiswahili tangu darasa la nne, nilikwama kwenye ndege mmoja?

Nadhani jibu liko kwenye insha. Nilifanya KCPE mwaka 2014. Mtihani ule uliishi kuanzia 1985 hadi 2023, na ukituweka sote tuliopita humo kwenye uwanja mmoja na kutuambia tuandike kuhusu mtu anayekimbia, tutaandika sentensi moja. Alitimua mbio kama swara. Alitoka shoti kama mshale. Alichana mbuga, mguu niponye. Tulikuwa na daftari za misemo, tulizikariri kama wimbo, na mwalimu aliweka alama ya tiki kwa kila msemo bila kuuliza nani anakimbia na kwa nini. Mwizi alitimua mbio kama swara, na bibi arusi aliyechelewa kanisani alitimua mbio kama swara. Swara wenyewe hatujawahi kuwaona. Hapa Kangari hakuna swara.

Sisemi haya kuwacheka walimu. Walitupa maneno, na maneno ni mali. Lakini walitufundisha kwamba kitenzi ni pambo la kuvalisha sentensi, na tabia hiyo haijatutoka. Nasoma hadithi za vijana wenzangu kwenye majarida kama hili, na zangu pia, na mwendo bado uko kwenye insha. Wapenzi wanagombana Umoja, msichana "anachana mbuga" kuelekea stejini. Hapana. Msichana aliyegombana na mtu Umoja anatembea haraka huku akiangalia simu, ili asionekane kama anayekimbia. Kuna kitenzi cha jambo hilo, au kuna njia ya kulisema, na mwandishi hakuitafuta kwa sababu tiki ilishapatikana.

Jibu langu mimi lilikuja asubuhi ya siku ya tatu, na lilitoka kwa mama.

Alikuwa anachuma majani sehemu ya chini, mimi nimemletea chai. Nimesoma maandishi ya watalii kuhusu milima yetu, na karibu yote yana mikono ya wanawake ikicheza juu ya majani chai, myepesi kama ndege. Mwandishi anaona hivyo kwa sababu amesimama barabarani. Ukiwa ndani ya mstari wa majani unaona kidole gumba chenye ufa mweusi ambao hautoki kwa sabuni, unaona kamba ya kikapu ikikata bega, na unajua kwamba majani mawili na chipukizi ni karibu hakuna uzito, na kwamba ndiyo maana inabidi yachumwe maelfu kabla mizani haijasema kitu. Kitenzi chepesi mara nyingi ni cha mtu anayetazama kutoka mbali.

Lakini haraka ile ni ya kweli, siwezi kuikataa. Jirani akapita juu akauliza mama yuko wapi, na mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, akamjibu: "Sijui! Mara ako hapa, mara ako kule!"

Nikasimama na kikombe changu. Mara hapa, mara kule. Hakuna kitenzi cha mwendo ndani yake. Kuna mahali pawili na muda mfupi sana katikati, na mwendo wenyewe umeachwa kwa sababu jicho halikuuona. Na hivyo ndivyo chozi anavyofanya! Hakuna mtu aliyewahi kumwona chozi njiani. Unamwona kwenye ua, halafu unamwona kwenye ua lingine. Kiingereza kilitengeneza kitenzi cha kujaza lile pengo. Kiswahili kinaliacha pengo lilivyo. Kila Mswahili anajua kusema hivi tangu akiwa na miaka mitano, na mimi nilikuwa nimeuliza kamusi siku mbili.

Niliandika: Chozi mara yuko kwenye ua hili, mara yuko kwenye ua lile, mara hayuko.

Mteja hakuipenda. Alisema sentensi imekuwa ndefu, na kwa kuwa nalipwa kwa neno, akaniuliza kwa upole kama ninaongeza maneno kusudi. Alirudisha rukaruka. Kitabu kitatoka hivyo, na chozi wa kitabu hicho ana miguu ya chura. Sina la kufanya. Nimekubali pia kwamba yawezekana mtoto hatajali. Ila najua kwamba mtoto huyo atakua, ataandika, na akitafuta namna ya kusema kitu cha haraka na chepesi atapata rukaruka mkononi, kwa sababu ndiyo tuliyompa.

Malipo yalikuja wiki iliyofuata, elfu moja na mia nane. Nilikuwa bado na namba ya mama mwenye nyumba wa Nyeri. Nilifikiria ujumbe mrefu, nikaandika na kufuta, kwa sababu kila nilipofika kwenye tendo lenyewe sikujua nitumie kitenzi gani. Nilihama si kweli. Nilitoka ni nusu. Nilihepa siwezi kumwambia mtu wa umri wake. Mwishowe niliandika: "Mama, mimi ndiye niliyetoroka na kodi yako. Hii ni ya kuanzia." Nikatuma pesa yote.

Jioni alijibu. "Nimepata. Kumbe uko."